Shangazi Haigizi

Busia, 9 Agosti 1964

Mwanangu Syprose,

Nakusalimu, na naomba barua hii ikukute mzima, na kwanza ikukute. Ile ya mwezi wa sita ilichukua siku kumi na moja kufika Tororo. Mimi nikisimama nyuma ya meza yangu ya samaki naiona Uganda kwa macho, na mbuzi wanavuka kwenda huko bila kuulizwa jina, lakini karani wa posta anasema barua lazima ipitie Kisumu kwanza. Nilimwambia basi afadhali niifunge shingoni mwa mbuzi. Hakucheka.

Huku hatujambo. Ng'ombe amezaa ndama dume. Edah ameezeka nyumba yake mabati, na sasa anataka vikao vyote vya Umoja wa Akina Mama vifanyike kwake ili tusikie mvua inavyogonga. Mwenyekiti ni mimi. Tutaendelea kukaa kanisani.

Sasa neno lenyewe. Jumapili iliyopita Herbert alikuja baada ya ibada. Unamjua mchumba wako, karani wa forodha hata akikaribishwa kiti anakikagua kwanza. Alikunywa vikombe viwili vya chai, kisha akasema, "Mama, nilikwenda Tororo kumwona Syprose. Nimemwona. Na watu wengine mia mbili walimwona pia."

Anasema ulikuwa jukwaani, katika ukumbi wa wafanyakazi wa kiwanda cha saruji, umevaa gauni la buluu, unamwita mwanamume anayeitwa Okanya "mume wangu" mbele ya watu waliokata tikiti ili wasikie. Wewe, mwalimu wa watoto wadogo! Binti wa kaka yangu Rasto, niliyekulea mwenyewe tangu alipofariki, nikakupeleka shule mpaka ukashika chaki!

Syprose, kuigiza ni kusema uongo kwa sauti kubwa. Acha. Herbert anataka harusi iwe Desemba, na mimi nimekwisha kusema ndiyo kwa niaba yako.

Na kama ilikuwa lazima ulie, mtu mwenye uchungu hafuniki uso kwa mikono miwili. Mmoja hufunika, wa pili hutafuta pa kushika.

Ni mimi shangazi yako,
Felistus Nangila


Tororo, 2 Septemba 1964

Mpendwa Shangazi,

Barua yako imefika jana, imepigwa mihuri minne kama mtu aliyekwenda Ulaya akarudi. Nimefurahi kusikia habari za ndama. Mimi ni mzima. Darasani nina watoto hamsini na wawili na madirisha matatu, na upepo ukigeuka vumbi la saruji linatupaka sote, tukawa ukoo mmoja.

Asante kwa kukubali kuniandikia Kiswahili. Nilikuomba hivyo kwa sababu michezo yetu ni ya Kiswahili na mimi nataka mazoezi. Pale kiwandani kuna Wasamia, Wapadhola, Wateso, Wajaluo. Kila mmoja akiigiza kwa lugha ya mama yake, mume na mke hawataelewana mpaka pazia lifungwe. Okanya ndiye kiongozi wetu. Ni fundi wa tanuri. Husema "kiti yangu" na "mutu ile", lakini akisimama jukwaani ukumbi mzima unapumua kwa ruhusa yake. Ana mke na watoto watano, na huyo mke ndiye aliyenishonea gauni la buluu. Mwambie Herbert hivyo.

Shangazi, unakumbuka nilivyokuwa mtoto wa kujificha nyuma ya sketi yako. Mteja akiniuliza bei ya samaki, nilikuwa nakuangalia wewe unijibie. Wewe una sauti yako, hata forodhani wanaisikia. Mimi yangu sikujua iko wapi mpaka siku nilipopanda jukwaani nikasema maneno ya mwanamke ambaye si mimi. Sikuona haya hata kidogo. Niliposhuka, haya ikarudi. Kwa hiyo napanda tena.

Nina swali. Herbert aliondoka baada ya sehemu ya kwanza, na kulia kwangu kuko mwisho. Nani alikuambia habari ya mikono? Mke wa Okanya, anayesimama mlangoni, ananiambia kwamba mwezi wa saba, tulipocheza mara ya kwanza, alikuja mama mmoja aliyejifunga leso usoni kama mwenye jino bovu. Alikataa kukaa mbele. Nilipoanza kulia, mama huyo alisema kwa sauti, "Mkono mmoja!"

Nisalimie wote.

Mwanao,
Syprose Taaka


Busia, 11 Oktoba 1964

Mwanangu Syprose,

Salamu. Mvua imenyesha vizuri. Wafanyabiashara wa ng'ambo wananunua dagaa wa omena kwa magunia, na mgongo unanisumbua kwa kuinama.

Ndiyo, mwezi wa saba nilikuwa Tororo kumwona daktari wa meno. Lilikuwa jino la juu, upande wa kushoto. Limepona. Juu ya safari hiyo sina la kuongeza.

Herbert amekwenda kumwona mchungaji kuhusu tarehe. Naona katika barua yako umeandika juu ya tanuri, mapazia, na upepo, lakini Desemba hukuigusa.

Jambo jingine dogo. Mwanamke aliyefukuzwa nyumbani na mumewe hatoki akiwa ameinua kidevu. Anatoka akitazama kama amesahau kitu. Hilo ni wazo tu, limenijia nikipanga samaki.

Shangazi yako,
Felistus Nangila


Tororo, 17 Januari 1965

Mpendwa Shangazi,

Heri ya mwaka mpya, na nisamehe. Najua Desemba imepita, na najua Krismasi mlinipikia kuku, akaliwa na Edah. Tulikuwa safarini. Tulicheza Nagongera siku ya soko, halafu Iyolwa, ndani ya ghala la pamba, watu wamekaa juu ya magunia. Nilitoka jukwaani nikitazama kama mtu aliyesahau kitu. Mzee mmoja akasimama katikati ya mchezo, akaniambia, "Binti, usirudi kwa huyo mutu, pita hapa kwangu unywe uji." Okanya anasema hakuna cheti kikubwa kuliko hicho.

Herbert nimemwandikia kwamba nahitaji muda. Amenijibu kwa aya tatu, zimewekwa namba.

Sasa sikiliza. Bwana mmoja kutoka Nairobi, anaitwa Osborn, alikuwa Iyolwa siku ile. Anatengeneza filamu za mafunzo, zile zinazozungushwa na gari na kuonyeshwa viwanjani. Anataka filamu ya mke anayependa kwenda darasa la kusoma na kuandika, na mume anayemkataza. Mke ni mimi! Mume ni Okanya. Filamu itaonyeshwa Kenya, Uganda mpaka Tanganyika, ambayo sasa inaitwa Tanzania. Shangazi, nilipoambiwa nilikwenda nyuma ya darasa nikaruka kama mtoto, halafu nikarudi kusahihisha hesabu.

Kuna jambo moja. Mahali alipochagua kwa ajili ya ile sehemu kubwa, mume anapomkokota mkewe kutoka darasani, ni soko la Busia, upande wenu. Siku ni Alhamisi, tarehe 11 Februari. Nakuomba kwa heshima zote: siku hiyo usije sokoni. Kaa nyumbani, upumzishe mgongo. Nitapita kukuona jioni.

Mwanao akupendaye,
Syprose


Busia, 14 Februari 1965

Mwanangu Syprose,

Kabla ya salamu: sikio la Bwana Okanya linaendeleaje?

Sisi wazima. Kwa kuwa hukupita jioni ile kama ulivyoahidi, nakuandikia ilivyokuwa, usije ukasikia kwa Edah.

Nilikaa nyumbani kama ulivyoniomba. Nilikaa mpaka saa nne. Edah akaja mbio, yeye ambaye hata kengele ya kanisa haimharakishi. "Mwenyekiti," anasema, "kuna bwana mwenye kofia amewaambia wauza samaki wanyamaze!" Wanyamaze! Siku ya soko! Soko likinyamaza watu wanauliza nani amekufa. Kwa hiyo nilikwenda kwa ajili ya haki za wauza samaki. Sikwenda kutazama.

Nilifika mezani pangu nikamshika kamongo mkavu, samaki mrefu kama rungu, kumpanga tu. Mara naona mwanamume amekushika mkono anakuburuta matopeni. Leso yako imeanguka. Daftari lako limeanguka. Watu wamesimama wanatazama, hakuna anayefungua mdomo, kwa sababu wameambiwa wanyamaze.

Nikasema, "Wewe! Huyo unayemvuta ana watu!"

Akanigeukia, macho yamemtoka.

Nikasema, "Mwache akasome! Wewe mwenyewe ukipewa barua unaishika kichwa chini miguu juu! Unaogopa nini, atasoma jina lako aone lilivyo fupi?"

Akasema, "Mama, ngoja, hii ni muchezo."

Hapo ndipo kamongo alipompata sikioni. Mara mbili. Wanawake wa samaki wakaanza kupiga vigelegele, na mambo mengine unayajua, ulikuwepo, umenikumbatia kiunoni unaniambia basi, basi.

Bwana Osborn hakuniambia neno baya. Yule mtu wake wa mashine ya picha alikuwa bado ameinama kwenye mashine, wala hakuinua kichwa. Mwishowe Osborn alinipa mkono. Ni mkono laini, wa mtu ambaye hajapata kupasua samaki.

Mwambie Okanya pole. Kamongo yule alikuwa wa kuuzwa.

Nilijua ni mchezo.

Shangazi yako,
Felistus Nangila


Tororo, 8 Machi 1965

Mpendwa Shangazi,

Salamu kutoka kwetu. Sikio la Okanya limepona, na sasa kila anayeingia kiwandani anasimuliwa urefu wa kamongo. Wiki ya kwanza alikuwa na urefu wa mkono. Leo amefika kimo cha mtoto wa darasa la tatu.

Sikupita jioni ile kwa sababu nilikuwa na hasira, na kwa hasira yangu si vizuri kumwamkia mtu. Sasa nimepoa, kwa hiyo nakuandikia.

Ile sehemu niliifanyia mazoezi wiki tatu. Leso ilikuwa ianguke, ndipo nilie. Nilikuwa nimepanga kila kitu: mkono mmoja usoni, wa pili unatafuta pa kushika. Wa pili ukakushika wewe kiunoni.

Bwana Osborn hataki kuirudia. Nilimwomba. Alisema mashine ilipata kitu ambacho hakikuandikwa, na haiwezekani kukipata tena hata tungekaa Busia mwaka mzima. Sijui kama alikuwa ananipongeza mimi au kamongo.

Unaandika kwamba ulijua ni mchezo. Nakuuliza tena, na Osborn pia anauliza: kweli ulijua? Kwa sababu kama ulijua, wewe ni mwigizaji kuliko sisi sote. Na kama hukujua, basi ulikuwa shangazi yangu tu, uliyeona naburutwa. Mimi nitafurahi kwa jibu lolote kati ya hayo mawili. Ila nipe moja.

Mwanao,
Syprose


Tororo, 3 Oktoba 1965

Mpendwa Shangazi,

Hii ni barua ya tatu tangu Machi bila jibu. Mwanzoni nilidhani ziko Kisumu. Halafu Herbert akanitajia, katika namba ya nne ya barua yake, kwamba wewe ni mzima na unauza kama kawaida.

Mke wa Okanya amejifungua mapacha, wa kwanza anaitwa Apio. Analia kwa zamu na mwenzake, Okanya anasema hajapata kuona waigizaji wanaopokezana vizuri hivyo.

Filamu imefika Tororo. Jumamosi ilionyeshwa ukumbini petu. Nilivaa gauni jipya, nikawaalika walimu wenzangu wote, tukakaa mstari wa mbele. Nakueleza nilivyoonekana. Kwanza nimebeba kikapu, kwa nyuma. Kisha niko darasani, nimeinamia daftari, inaonekana njia ya nywele zangu. Kisha soko, na hapo ni mkono wangu unaoburutwa. Mkono wangu uko vizuri sana. Baada ya hapo ni wewe, Shangazi, mpaka mwisho. Watu walisimama juu ya viti. Ulipouliza kama anaogopa ufupi wa jina lake, walipiga kelele hata kishindo cha kamongo hakikusikika.

Bwana Osborn aliniita pembeni. Alisema, "Syprose, wewe unaigiza kwa ajili ya mtu aliyekaa kiti cha mwisho kabisa. Jukwaani ni sawa. Lakini kamera haijakaa huko, imekaa puani pako. Ukiimwagia uchungu wote kwa pamoja, inakimbia." Alisema kwa upole, na upole wake ndio ulioniumiza.

Jumatatu mtoto mmoja aliinua kidole darasani. "Mwalimu, ule mkono ni wa kwako?" Nikasema ndiyo. Darasa likanipigia makofi.

Sitaacha jukwaa. Nakuambia mapema, ukiwa unajiandaa kusema "nilikuonya".

Mwanao,
Syprose


Busia, 21 Novemba 1965

Mpendwa Syprose,

Nisamehe kwa kuchelewa kujibu. Shughuli zimekuwa nyingi.

Gari la sinema lilikuja Busia, wakatundika kitambaa cheupe kiwanjani mara jua lilipozama. Watu walikuja hata kutoka vijiji vya ng'ambo, na forodha ikawaacha wapite. Walidai filamu irudiwe, ikarudiwa mara tatu. Siku hizi sokoni watu hawaulizi samaki kwanza. Wananitazama, wanacheka, ndipo wanauliza. Edah anamwambia kila mtu kwamba bila yeye kuja kuniita pasingekuwa na filamu. Baadhi ya wenzetu katika Umoja walinong'ona kwamba mwenyekiti hapaswi kumpiga mwanamume kwa samaki. Mchungaji akasema lilikuwa somo la elimu ya watu wazima. Yakaisha.

Bwana Osborn ameniandikia. Januari nakwenda Nairobi. Safari hii mimi ndiye mwenye filamu: mama anayempoteza mwanawe dereva katika ajali ya lori. Nimekubali kwa ajili ya mafunzo ya usalama barabarani.

Herbert alikuja kusema yuko tayari kusahau yote ukiacha jukwaa. Nilimwambia sanaa haiachwi hivi hivi kama kazi ya forodha. Huyu Herbert, mwanangu, nimeanza kuona mawazo yake ni mafupi.

Usivunjike moyo kwa ajili ya mkono. Wengi wetu tulianza na sehemu ndogo. Ushauri wangu kwako wewe unayechipukia: usijaribu sana.

Kuhusu lile swali lako, wasanii hawaulizwi maswali ya namna hiyo.

Wako,
Bi. Felistus Nangila


Busia, 6 Februari 1966

Syprose,

Nimerudi. Nairobi ni baridi na maji yake hayana ladha. Kazi ilikwenda vizuri, imekwisha. Umoja wa Akina Mama walinipokea kwa nyimbo.

Mgongo bado. Ndama amekuwa fahali, amevunja uzio wa Edah.

Shangazi


Tororo, 13 Machi 1966

Mpendwa Shangazi,

Pole kwa mgongo, na kwa uzio. Hapa sote wazima. Apio na pacha wake wameanza kutambaa, na watoto wangu wa mwaka jana sasa wanasoma magazeti ya kufungia mandazi.

Barua yako ilikuwa fupi mno. Niliisoma mara nyingi nikitafuta ilikobaki.

Wiki iliyopita Bwana Osborn alikuja Tororo. Amenieleza, na naapa hakukucheka, kwa hiyo na wewe usimkasirikie. Alisema walimlaza mtu anayeitwa Omaido ndani ya jeneza, wakakuambia ulie. Nawe ukasema, "Huyu nimemwona sasa hivi akila mandazi." Wakakuomba tena. Ukasema, "Nimlilie nini, ana afya kuliko mimi." Mara ya nane ulimgombeza Omaido kwa kulala na shati safi mchana wakati wenzake wanafanya kazi, na Omaido akainuka kukuomba msamaha. Siku ya tatu ukaomba upelekwe kwenye basi.

Mimi nilitaka kucheka. Nilianza kabisa. Lakini nikakuona umesimama mbele ya ile mashine, watu wote kimya wanakungoja, unatafuta ndani hukuti kitu. Mahali pale napajua. Nimesimama hapo. Sikuweza kucheka.

Sasa jambo lenyewe, nalo nimelibeba siku tano kabla ya kuandika. Filamu haijaisha. Osborn ameniomba mimi nimcheze yule mama. Nilimwambia nina miaka ishirini na sita. Akasema, "Nionyeshe tu." Nikakaa kwenye kiti cha darasani, nikainuka kama mtu ambaye kiuno chake kina maoni yake. Nikafunga leso upya bila kuitazama. Nikamwangalia yeye kama samaki wa jana. Akauliza, "Nani amekufundisha haya?" Nikasema, "Mtu ambaye hajui kwamba alikuwa ananifundisha."

Sijamjibu. Nafasi ile ni yako. Ukisema nisiichukue, sitaichukua, na hatutaizungumzia tena. Na nikikubali, kuna kilio kile kile kilichokushinda, nami kimenishinda tayari mara moja. Naweza kutembea kama wewe, kugombeza kama wewe. Kulia kama wewe sijui, kwa sababu sijapata kukuona ukilia.

Herbert nimemwandikia kwamba sitaolewa naye. Nilimshukuru kwa uvumilivu. Amejibu kwamba amepokea.

Nangoja neno lako.

Mwanao,
Syprose


Busia, Jumatatu ya Pasaka, 11 Aprili 1966

Mwanangu Syprose,

Pasaka njema. Tumekula, tumeimba, mvua imetunyeshea tukitoka kanisani, na Edah amepata nafasi ya kutukaribisha chini ya mabati yake. Kweli yanapiga kelele. Nilikaa huko saa nzima, sikuumwa na kitu.

Habari ya Herbert nimeisikia kwake. Alikunywa kikombe kimoja tu. Usiwaze, ataoa kabla ya mavuno.

Nenda Nairobi. Hilo limekwisha, usiniulize mara mbili. Chukua nguo nzito, baridi ile haikuwa uongo. Mengine niliyokuandikia yalikuwa uongo. Na mwaka jana pale sokoni sikujua, Syprose. Niliona mwanamume anamvuta mtoto wa Rasto.

Sasa nikueleze ya juzi Jumamosi, kwa sababu yatakufaa.

Tulikuwa tunasafisha kanisa kwa ajili ya sikukuu. Edah akaegemea ufagio wake, akasema, "Mwenyekiti, ni miezi miwili tangu urudi, hujatuonyesha ulichokifanya Nairobi. Tuonyeshe." Wote wakaacha kazi. Wakavuta benchi katikati. "Hili ndilo jeneza." Wanawake kumi na wanane, na mimi. Nilitaka kusema kiuno kinauma, na kweli kilikuwa kinauma.

Nikalitazama lile benchi. Benchi tu, lina matone ya nta. Kaka yangu Rasto tulimweka juu ya benchi kama hilo kabla hatujamtoa kwenda kaburini. Siku ile sikulia. Wewe nilikuwa nimekubeba mgongoni, na mikono yangu ilikuwa na sahani. Wageni wangapi, maji yako wapi, mbwa afukuzwe. Watu walisema Felistus ni chuma. Nami nikapenda kuitwa chuma, nikaendelea na jina hilo miaka ishirini na miwili.

Nikaweka mkono juu ya benchi. Nilitaka kuita kwa sauti kubwa kama wanavyoita. Ile sauti ya sokoni, ambayo hainikatai hata nikiwa na homa, ilikataa. Ikatoka nyingine ndogo, siijui. Ikauliza, "Rasto, wamekulaza na viatu?" Hivyo tu, kama mtu anayeuliza kitu cha nyumbani. "Viatu vinakubana, ulisema tangu Jumatano." Nikaanza kumfungua kamba za viatu, hapo kwenye mbao, kamba ambazo hazipo. Cha kushoto. Halafu cha kulia. Kilikuwa na fundo, likanichukua muda.

Syprose, sikupiga kelele hata moja. Nilipoinua macho, Edah alikuwa amekaa sakafuni na ufagio wake mapajani, analia kama mtoto. Wote walikuwa wanalia. Mchungaji alikuja mbio kutoka nyumbani kwake akiuliza nani amefariki.

Kwa hiyo ukifika mbele ya mashine yao, usimlilie Omaido. Mwache ale mandazi yake. Tafuta kitu kidogo ambacho hukupata nafasi ya kukifanya, ukifanye taratibu.

Nikaomba maji, nikanywa. Edah akajifuta uso kwa leso, akaniuliza, "Na Nairobi ulifanya hivyo hivyo?"

Nikamtazama machoni, mimi mwenyekiti wa Umoja wa Akina Mama, ndani ya kanisa, Jumamosi ya Pasaka, nikasema, "Hivyo hivyo."

Hakuna aliyetia shaka.

Shangazi yako,
Felistus Nangila